Urea ya mwarobaini bila kufukia ni hasara

Mhariri,

Kila msimu wa mbolea ya kukuzia ukifika, wakulima hupeana ushauri wa kuifanya urea idumu shambani: ichanganye na majivu, ichanganye na samadi mbichi, au ipake mwarobaini kisha uirushe. Njia mbili za kwanza zinapoteza mbolea hata kabla haijafika shambani. Ya tatu ina ukweli, ila imeelezwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomlipa mkulima.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Ikigusa udongo wenye unyevu, kimeng'enya kiitwacho yurease huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Ikiwa juu ya ardhi, amonia huruka na upepo. Ikiwa ndani, udongo huishika ikiwa amoniamu. Baadaye bakteria huigeuza amoniamu kuwa nitrati, na hiyo udongo hauishiki. Mvua kubwa huiteremsha chini kuliko mizizi inavyofika. Hasara basi ina milango miwili, na mwarobaini hufunga huo wa pili tu, kwa kuwapunguza kasi bakteria wanaotengeneza nitrati. Amonia inayoruka hauizuii. Tena ukiacha urea ya mwarobaini juu ya ardhi, amoniamu hukaa pale muda mrefu zaidi na huweza kuruka zaidi.

Samadi mbichi imejaa yurease, na majivu ni kama magadi, huisukuma amonia itoke. Ukifungua kiroba cha mchanganyiko huo ukakutana na harufu inayochoma pua, nitrojeni uliyoilipia ndiyo inaondoka.

India, tangu 2015, viwanda vinatakiwa kuipaka urea yote mafuta ya mwarobaini, angalau miligramu 350 kwa kilo. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 17 na nusu tu. Kijijini huwezi kusambaza mafuta machache hivyo yakagusa kila punje, ndiyo maana tunapendekeza unga wa mashudu ya mwarobaini, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta: sehemu moja ya mashudu kwa tano za urea, yaani kilo 10 kwa mfuko wa kilo 50. Pasipo mashudu, okoteni matunda ya mwarobaini yaliyoiva na kudondoka, ondoeni nyama, osheni mbegu, zianikeni kivulini mpaka kiini kikatike kwa mlio ukikivunja. Mbegu iliyokaushwa nusu huota ukungu gunia zima. Menyeni, twangeni kiini kwenye kinu ambacho hakitumiki kwa chakula, kisha chekecheni.

Mwageni urea kwenye turubai kavu kivulini, nyunyizeni unga kidogo kidogo huku mkigeuza kwa beleshi. Kiini kipya kina mafuta ya kutosha kunata. Mashudu yaliyokamuliwa sana hunata kidogo, basi yasageni laini zaidi. Msitie maji! Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi. Punje huanza kuyeyuka, mkono unahisi baridi ghafla, na asubuhi mnakuta jiwe ndani ya mfuko. CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, nayo isiingie humo, kwa sababu ikikutana na urea huvuta unyevu wa hewani na mchanganyiko ukawa uji. TSP, mbolea ya fosfeti, pia huutia majimaji. Fungeni mfuko, ulale usiku mmoja, kisha tumieni.

Kipimo kinabadilika. Kilo 60 za mchanganyiko zina urea kilo 50 tu, kwa hiyo mwenye kupimia kila shina kwa kizibo kilekile cha chupa kwa ujazo uleule anaunyima mmea sehemu moja ya sita. Mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 30 yana mashina kama 18,000 kwa ekari, na mfuko mmoja wa urea unampa kila shina gramu 2.8. Kwa mchanganyiko ni gramu 3.3. Jazeni vizibo 100, pimeni kwenye mizani ya duka, gawanyeni kwa 100. Chimbeni kishimo umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, chenye kina kama hicho, wekeni, fukieni. Kazi ya kufukia ni ngumu, tunajua, lakini bila hiyo mwarobaini wote ule ni kazi bure.

Kwenye mpunga wa majaruba kuna njia bora kuliko kupaka chochote. Wakulima wa Bangladesh hutumia urea iliyoshindiliwa kwa mashine ndogo kuwa vidonge vya gramu 1.8 au 2.7, wanaiita guti. Miche ikipandikizwa kwa mistari ya sentimita 20 kwa 20, baada ya wiki moja hivi kidonge kimoja huzamishwa katikati ya mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10, mara moja kwa msimu. Huko chini hakuna hewa, bakteria wa nitrati hawafanyi kazi, na amoniamu inabaki karibu na mizizi. Kwa ekari ni vidonge kama 25,300. Vya gramu 1.8 vinakula kilo 45 na nusu za urea. Kinachoharibu ni tundu la kidole kuachwa wazi, maana amonia hupanda humohumo, basi zibeni kwa tope palepale. Udongo wa kichanga usiotuamisha maji haufai, urea huzama nayo.

Mwisho, mifuko yenye mashudu na urea wekeni mbali na mbuzi na ng'ombe. Inafanana na chakula cha mifugo, na urea kidogo tu inatosha kumuua mnyama siku hiyohiyo. Andikeni MBOLEA kwa herufi kubwa pande zote mbili za mfuko.

Wasomaji wenu,
Morogoro