Mwambieni Bibi asiuache wimbo wa wapagazi

Lubumbashi, mwishoni mwa Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Baba. Bibi mwambie namwamkia nimepiga magoti yote mawili, kama anavyotaka mwenyewe. Mimi ni mzima. Kile kifua mlichokisikia kwenye simu kimepona na sauti imerudi.

Nimeona niandike, maana kila nikipiga simu vocha inakwisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Tena huku tuko nyuma yenu saa moja: nikitoka mazoezini saa tatu usiku, kwenu ni saa nne na wewe umeshalala. Mdogo wangu atawasomea. Asome polepole, na asiruke sehemu ya Bibi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Siku ile uliniuliza mambo mawili, nikajibu kwa haraka na nilijua hukuridhika. Uliniuliza nalala wapi, na kazi yenyewe ya hili kundi letu la maigizo ni kazi gani.

Tukiwa mjini nalala kwa mama anayetushonea mavazi, katika mtaa unaoitwa Kenya. Ndiyo, Kenya, ni jina la mtaa hapa Lubumbashi. Ana binti zake wawili, nalala nao chumba kimoja, na alfajiri tunafagia uwanja pamoja kabla jua halijatoka vizuri. Tukiwa safarini tunalala tunapopewa: ukumbi wa parokia, darasa la shule wakati wa likizo, mara moja tulilala ghala la mahindi. Tuko 11, wanawake 4 na wanaume 7. Wanawake tunapewa chumba chenye komeo, na wanaume wawili wanalala ndani ya basi dogo kulinda ngoma, gitaa na spika. Hilo halijawahi kuvunjwa hata usiku wa mvua. Mama, najua majirani wanasema nini kuhusu msichana anayezunguka na kundi la maigizo. Waambie mwanao analala palipofungwa.

Kazi yenyewe ni igizo lenye nyimbo, linachukua kama saa moja na robo. Mkuu wetu wa kundi ana kanuni moja: usiimbe jambo ambalo ungeweza kulisema. Mama akigombea bei ya unga sokoni, anasema tu. Mwanawe akiaga kwamba anaacha shule aende kuchimba mawe, hapo gitaa linaingia na mama anaimba. Mimi ndiye huyo mama. Kila usiku namuaga kijana yule yule, na kila usiku natafuta namna ya kumuaga kana kwamba sikujua kuwa ataondoka.

Pazia letu ni vitenge vilivyounganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Mara nyingi hatuna taa za maana. Katika mji wa Likasi umeme ulikatika dakika ya kumi, vipaza sauti vikanyamaza vyote, tukafanya kama tulivyofundishwa chuoni Bagamoyo: tukasogea tukaupa mgongo ukuta wa matofali ili ukuta uisukume sauti mbele, na mpiga ngoma akapunguza mkono. Watu wa nyuma kabisa walituitikia kiitikio. Wakipendezwa wanapanda na kumbandika mwimbaji noti ya faranga kwenye paji la uso, nawe unaendelea kuimba noti imeganda kwa jasho. Nimezoea. Ni kutunza kule kule kwa kwetu kwenye taarabu, ila kwetu mtu anakuwekea mkononi.

Kazi hii wenyeji hawakuijua jana. Miaka ya 1950 palikuwa na vijana waliojiita JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa mtaa huu wa Kenya, wakichanganya vichekesho, dansi na gitaa. Edouard Masengo alikuwa mmoja wao, na baadaye akaishi na kurekodi Nairobi. Kisha kundi la Mufwankolo likaigiza kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, na hapa nyumbani mama mwenye nyumba bado anaigiza sauti zao akipika. Kwa hiyo tukipanda jukwaani watu hawaji kushangaa. Wanakuja wakijua kazi, na wanapima.

Kiswahili chao, Mama, kimenipa shida na kimenipa raha. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, watoto ni batoto, na asante ni aksanti. Wiki ya kwanza nilifikiri wanakosea. Sasa naona aibu kwamba nilifikiri hivyo. Ni Kiswahili cha watu waliokuja kufanya kazi migodini kutoka kila upande, wakalea watoto wao kwa lugha hiyo, na kina utaratibu wake usiovunjika. Niliimba mbele yao mstari uliosema "bibi yangu aliniachia jembe hili," nikasikia manung'uniko ukumbini. Huku bibi ni mke. Walikuwa wanajiuliza huyu mwanamke ana mke tangu lini. Mzazi wa mzazi anaitwa nkambo. Tangu siku hiyo naimba nkambo, na nikilitamka neno hilo namwona Bibi na kinu chake chini ya mwembe.

Sasa nifike huko.

Mwezi uliopita tulitoka Lubumbashi kwenda Likasi, kama kilomita 120, kisha Kolwezi, kama 180 nyingine. Barabara ni ya lami na ina vituo vya kulipia, na imejaa malori ya shaba na kobalti yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa. Ukiwa nyuma ya lori lile hakuna haraka. Huku magari yanapita mkono wa kulia, na hadi leo moyo unaniruka tukipishana nayo. Nje ya dirisha ni miombo, Mama. Ni pori lile lile la kwetu. Mvua zimeanza, na kando ya barabara akina mama wanauza uyoga mkubwa kama ungo mdogo, na asali kwenye chupa, na viwavi waliokaushwa. Niliwaambia wenzangu, simamisheni basi, nikanunua asali nikaionja nikiwa nimesimama. Haijafika ya Tabora lakini ni ndugu yake.

Likasi, baada ya onyesho lile la gizani, mzee mmoja alinisubiri mlangoni. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Aliuliza nimetoka wapi maana Kiswahili changu si cha huku. Nikasema Tabora. Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema: "Bankambo yetu balitokaka kule kwenu." Ni Muyeke, wa Bunkeya.

Baba ataijua habari hii kidogo, wewe labda hapana. Msiri alikuwa mtu wa Unyamwezi. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija huku kununua shaba, na mwana akaja, akabaki, akajenga mji Bunkeya na kutawala nchi kubwa mpaka Desemba 1891, alipopigwa risasi na afisa wa msafara uliokuja kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake ndio Wayeke. Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, naye alikuwa Muyeke. Mpiga gitaa wetu anapiga kwa vidole kama yeye, na mimi miezi yote hii nilikuwa namsikiliza bila kujua kuwa namsikiliza mtu ambaye nkambo zake walipita karibu na kwetu.

Mzee akaniomba kitu kimoja. Alisema, wale waliokuja walikuja wakiimba njiani na mizigo begani. Je, kwenu bado mnaimba nyimbo za njia? Nikasema ndiyo, nikafungua mdomo. Nikaimba mwanzo wa wimbo ule Bibi anaoutwangia, aliofundishwa na babu yake aliyekuwa mpagazi wa pembe za ndovu hadi pwani. Nikaimba kiitikio. Halafu nikafika katikati, na katikati hapakuwa na kitu. Nilisimama mbele ya mzee wa watu nikiwa na mwanzo na mwisho. Yeye hakusema neno, akavaa kofia yake, akanishukuru. Nililia usiku ule darasani, na sikulia kwa sababu ya uchovu.

Nimesikia wimbo ule tangu nikiwa mgongoni. Nimesoma muziki miaka mitatu, na Bagamoyo penyewe ndipo mizigo ile ilipotuliwa. Na sikuwahi kumwomba Bibi anifundishe. Nilidhani unanifuata tu, kama jina.

Nilipowasimulia wenzangu, mkuu wa kundi akasema hilo ndilo igizo letu linalofuata: njia ya shaba, kutoka Tabora hadi Bunkeya, na wimbo wa wapagazi ndio utakaofungua. Wote wakafurahi isipokuwa mpiga ngoma. Yeye ni Musanga, wa kabila la wenyeji wa huku. Alisema kwa sauti ya chini kabisa: "Watu wenu walikuja kama wageni, kisha wakaketi juu ya kiti chetu." Ni kweli. Wasanga waliinuka dhidi ya Msiri kabla hajauawa, kwa sababu utawala wake ulikuwa mzito, na pamoja na shaba na pembe alikuwa akiuza watu. Mimi nilitaka kusema kwamba sisi wa Tabora wa leo hatumo humo, lakini nikanyamaza, maana yeye hakuwa ananigombeza. Alikuwa ananiambia kilichosimuliwa nyumbani kwao. Tulikaa barazani mpaka moto wa makala ukawa majivu. Mwishowe akasema atapiga ngoma ya igizo hilo kwa sharti moja: wapagazi wakishamaliza kuimba, wimbo unaofuata uwe wa mwanamke wa Kisanga aliyewaona wakifika. Mkuu akakubali. Mimi nikaomba niuimbe mimi. Mpiga ngoma akasema atafikiri.

Kolwezi nitasema kidogo tu. Vumbi lake linakausha koo, tunakunywa maji ya uvuguvugu yenye tangawizi na hatugusi kitu cha baridi. Lakini kule ndiko igizo letu linapojulikana kama ni la kweli au la. Walikuja wachimbaji wengi, vijana, wengine na mavumbi yao. Mwenzetu anayeigiza yule mwanangu alitoka amebeba gunia la mawe, na kijana mmoja akasimama akapaza sauti: gunia halibebwi hivyo. Tulisimamisha onyesho. Kijana akapanda, akaonyesha: unachuchumaa kwanza, unaliegemeza kwenye paja, linapanda mgongoni kwa msukumo wa goti, na kichwa hakiinuki tena mpaka utue. Akashuka akakaa. Usiku wa pili mwenzetu alilibeba kama alivyoonyeshwa, na ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi niliyepaswa kumwimbia nilichelewa kuingia, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kichwa cha mwanangu hakiinuki.

Kuhusu fedha, si nyingi, sitakudanganya. Tunagawana viingilio baada ya mafuta, chakula na vituo vya barabara. Kuna mwenye ukumbi mmoja aliyechukua kodi yote mkononi kisha akatufungia mlango, tukacheza nje uwanjani bure. Nimemtumia dada dola kidogo kupitia mtu anayekuja Tunduma. Mwambie asizikunje, na azichunguze kingo zake, maana huku noti yenye mchaniko mdogo tu hakuna anayeipokea na sitaki iwe imenipita hata moja.

Sikukuu za mwezi ujao sitafika. Desemba watu wana nafasi ya kuja ukumbini na ndio mwezi tunaokula. Kwenye kikao cha mahari ya dada Januari nitakuwepo, nitapitia Zambia hadi Mbeya, kisha nipande basi. Baba asitume mtu kunipokea, njia naijua.

Sasa ombi langu. Mrekodini Bibi wimbo ule kwa simu ya mdogo wangu, wote, mwanzo hadi mwisho. Mwambieni wazi kuwa mimi ndiye ninayeomba na ni kwa ajili ya nini, na kwamba utasikika Likasi, kwa watu walioondoka kwetu zamani. Akikataa, mwacheni, nitakuja nimwombe mwenyewe. Akikubali, msimkalishe kwenye kiti. Mpeni kinu na mahindi, maana asipotwanga wimbo hauji. Simu iwekeni juu ya kigoda karibu na kinu, mbali na kuku, na asubuhi kabla upepo haujaanza.

Na kama katikati naye pamemtoka, asibuni. Aendelee kutwanga kwa urefu ule ule mpaka afike anapopakumbuka. Nimemuuliza mpiga ngoma itakuwaje hapo, naye amesema atangoja na kinu.

Wasalaam,
Binti yenu