Barua ya wazi kwa msimamizi wa ngome: tufungulie ule mlango

Mheshimiwa,

Salamu, kwa heshima zote. Jina la ngome silitaji, wala la ofisi yako. Unajijua.

Jumamosi iliyopita niliondoka Edinburgh, huku Uskochi, na wajukuu wangu wawili: treni, kisha basi, kisha miguu kwenye mvua. Wiki nzima nilikuwa nikiwasimulia habari za vyumba vilivyomo ndani ya kuta. Sisi tuliozaliwa Lamu ukuta mnene hautushangazi, tumekua tukipanga vyombo kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani. Lakini ukuta wenye ngazi tumboni mwake, wenye kijichumba cha mlinzi, choo kinachomwaga uchafu nje ya ngome, na shimo la wafungwa lisilo na mlango ila tundu la juu? Wajukuu walidhani bibi yao anatunga.

Na wataendelea kudhani hivyo. Tulipofika tulikuta wavu wa chuma, kufuli, na kibao: "Pamefungwa kwa muda." Kibao chenyewe kimeshaota ukungu.

Barua yako ya kwanza ilisema miezi sita, Mheshimiwa. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Ya pili ilisema ukaguzi unaendelea. Ya tatu sijaiona. Labda nayo imefichwa ukutani.

Najua mawe huanguka. Nahisi chanzo ni saruji waliyozibia mafundi wa karne iliyopita mahali pa chokaa. Chokaa hupumua, saruji hufungia maji ndani, na baridi ikija maji huganda yakapasua jiwe. Au mafundi wa chokaa wameadimika. Au ni fedha. Sema basi ni lipi.

Katika Ngome ya Edinburgh, kwenye ukumbi wa Mfalme James wa Nne uliokamilika 1511, kuna tundu karibu na meko la kusikilizia maneno ya wageni. Husimuliwa kwamba kabla ya ziara ya mwanasiasa wa Kisovieti Gorbachev mwaka 1984, wapelelezi wa Kisovieti walitaka lizibwe. Hao angalau sababu yao inajulikana.

Pesa ya tiketi sidai. Naomba mlango. Hata kwa saa moja, watu watano watano, na kofia ngumu tutavaa. Mjukuu wangu mdogo anatimiza miaka saba mwezi ujao, nami nimeshamwahidi tena.

Wako,
Bibi wa Lamu, mkazi wa Leith, Edinburgh