Mbwa akiuma, mwenye mbwa alipe

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi kuna mageti mengi yenye kibao cha "chien méchant" (mbwa mkali), na wenye nyumba wanadhani kibao hicho kinawatosha. Mbwa akishatoka barabarani kinamsaidia nani? Kifungu cha 261 cha kode sivili ya Kongo (sheria ya madai kati ya raia), kitabu cha tatu, sheria ya tangu 1888, kinasema mwenye mnyama anawajibika kwa hasara aliyoleta mnyama wake, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Kwa hiyo "zamu (mlinzi) alisahau kufunga geti" si jibu.

Wanaoniumiza roho ni watoto. Mtoto anaumwa na mbwa akitoka masomoni, mama anapewa noti mbili tatu za pole, na neno linaishia hapo bila chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa! Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji na sabuni, dakika 15 nzima, kisha mtoto afikishwe hospitali siku ileile. Na mbwa asiuawe kwa hasira, hata kama majirani hawatapenda nikisema hivi: afungwe, aangaliwe siku 10, ijulikane kama ni mgonjwa.

Naomba wakuu wa komini zetu (sehemu za mji) wadai karatasi ya chanjo kwa kila mwenye mbwa. Polisi nao waandike kesi hizi, wasizirudishe mtaani kama ugomvi wa majirani. Sindano zote, ya kwanza hadi ya mwisho, zilipwe na mwenye mbwa.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi