Mabomba ya majora yasichomwe, watoto wa awali wanayahitaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wenye maduka ya vitambaa, mapazia na mazulia wa Kigoma mjini, hasa wa Mwanga na Ujiji. Jora likiisha, lile bomba la boksi linalobaki msilichome. Tupeni sisi walimu wa madarasa ya awali.

Nataja majora kwa makusudi. Maelekezo mengi ya kazi za mikono za watoto huanza na kile kibomba cha katikati cha tishu za chooni, kana kwamba kila nyumba inavyo vya kutupa. Huku kwetu nyumba nyingi hutumia maji, na vibomba hivyo utavipata zaidi gesti na hotelini. Navyo tunavipokea, mradi viwe vikavu na visafi. Lakini hazina yenyewe iko madukani. Vitenge huja vimekunjwa, ila vitambaa vya mapazia na vya sare, pamoja na mazulia ya mpira, mara nyingi huviringishwa kwenye bomba gumu lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Likikatwa vizuri, watoto kama 10 wanapata kila mmoja kipande chake.

Kukata ni kazi ya mtu mzima. Msumeno wa mbao haufai, meno yake makubwa yanachana karatasi na kuacha manyuzinyuzi. Tumia msumeno wa chuma, kisha pitisha msasa ukingoni. Na bomba lisiloweshwe. Limetengenezwa kwa kanda za karatasi zilizozungushwa kimshazari na kugandishwa kwa gundi, kwa hiyo likilowa linafumuka lote.

Gundi ya dukani hatuihitaji. Tuko kwenye mkoa wa muhogo. Koroga unga wa muhogo kwa maji baridi kwanza ili usifanye madonge, halafu injika motoni huku ukiendelea kukoroga mpaka ule weupe upotee na uji uanze kung'aa na kuvutika. Ukipoa unashika boksi barabara. Pika wa siku hiyo tu, maana ukilala unachacha, na kazi iliyogandishwa ianikwe juani hadi ikauke kabisa, la sivyo mende na panya wataila usiku. Rangi nazo zipo: mkaa uliosagwa, manjano ya jikoni, udongo mwekundu uliochekechwa. Vyote vinachanganywa na gundi hiyo hiyo ikiwa nyepesi.

Kazi wanayoipenda kuliko zote darasani kwangu ni chombo cha dagaa. Wavuvi wetu huunganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakashusha wavu katikati, na usiku huwasha taa ili dagaa wafuate mwanga. Watoto wamekiona chombo hicho ufukweni tangu wanabebwa mgongoni, hakuna anayehitaji kuchorewa. Mabomba mawili, vijiti vinne, kamba ya mgomba, na kipande cha ule mfuko wa wavu wa vitunguu. Hivi karibuni mabinti wawili walibishana kwa sababu bomba moja lilikuwa refu kuliko jingine na chombo chao kikakaa upande. Walipima kwa viganja, wakaenda kutafuta jingine kwenye rundo, wakapima tena. Sijaona mdoli wa dukani ukimfanya mtoto wa miaka mitano apime kitu mara mbili kwa hiari yake.

Wakubwa kidogo nawapa Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma. Hapa ikaunganishwa upya na kuingizwa ziwani mwaka 1915. Wakisikia kwamba meli yote ile ilifika ikiwa ndani ya masanduku, wanataka kuiunda vivyo hivyo: kikundi hiki dohani, kile sitaha, kile nanga, kisha zinakutanishwa. Hapo ndipo kelele inapoanza, maana dohani inakuja kubwa kuliko sitaha, na lazima wapatane nani apunguze.

Yapo yanayonisikitisha. Shule moja hapa mjini iliwataka wazazi wachangie midoli ya plastiki. Haikumaliza muhula ikiwa mizima, na magurudumu yake yakaishia kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Juni 1, 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki na tukaweza kuishi bila hiyo. Iweje leo tuchangishane fedha kuijaza plastiki darasani?

La pili linawahusu wazazi. Mtoto akiambiwa alete zana kesho, mama anakesha anaitengeneza, au baba anamlipa fundi. Asubuhi meza inapendeza, lakini mtoto hajui hata gundi ilishikaje, na anakatazwa kuigusa asije akaiharibu. Hiyo zana ni ya nani? Walimu wenzangu, sisi ndio tunaoyachochea haya tunaposifia kilichonyooka na kuweka pembeni kilichopinda. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, waonyeshwe samaki mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine na waambiwe ameundwa na nani. Wazazi, mkatieni mtoto bomba, mpikieni gundi, kaeni karibu naye. Mengine mwachieni.

Ombi langu linatekelezeka wiki hii hii. Mwenye duka anaweza kuyasimamisha mabomba kwenye kona ya stoo, mbali na maji ya mvua, akampigia simu mwalimu wa shule iliyo jirani. Wenye gesti wanaweza kumwambia mhudumu wa usafi atenge vibomba kwenye boksi lake badala ya kuvichanganya na taka za vyumbani. Mzigo ukiwa mkubwa msihangaike na usafiri, guta tutakodi wenyewe.

Mwalimu wa darasa la awali,
Ujiji, Kigoma