Hela ya kuacha kila asubuhi inaziumiza familia za Dar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji. Kila unapoibuka mjadala wa fedha za nyumbani jijini hapa, swali huwa lile lile: nani ashike hela, baba au mama? Wapo wanaosema mama ndiye mwenye uchungu na watoto, wapo wanaosema baba ndiye anayejua jasho lilivyomtoka. Kwa sisi tunaofundisha vikundi vya kuweka na kukopa huku Temeke, swali hilo halifiki mbali. Kuna nyumba zinazoongozwa na mama zikanyooka, na zinazoongozwa na baba zikanyooka. Zinazoyumba hufanana kwa jambo moja: hela inatolewa kwa siku, kwa vipande, na hakuna anayeiona yote.

Tuanze na hela ya kuacha. Baba anatoka alfajiri kuwahi daladala, anaacha Sh10,000 mezani. Kwa fedha hiyo mama hawezi kununua kitu cha wiki, ananunua cha leo: mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, nyanya za fungu. Kipimo kidogo ndicho ghali kuliko vyote. Tuseme lita ya mafuta ya kula ni Sh6,000, na kipimo cha Sh500 kinatoa mililita 65. Anayenunua vipimo analipa karibu Sh7,700 kwa lita ile ile. Mkaa nao ni hivyo hivyo: anayechukua gunia na anayechukua kopo moja kila jioni hawanunui kwa bei moja, ingawa mkaa umetoka lori moja. Jioni baba anauliza mbona elfu kumi haionekani, na mama hana jibu, kwa sababu kweli haionekani. Imekwenda kwenye vipimo.

Tunachoshauri ni kutoa hela ya chakula kwa wiki. Kwa mfano huo huo wa Sh10,000 kwa siku, ni Sh70,000 kila Jumapili. Siku hiyo hiyo Sh40,000 inunue vitu vikavu na vya kukaa: unga, mchele, maharage, sukari, mafuta, chumvi, sabuni, dagaa, mkaa. Inayobaki, Sh30,000, igawanywe kwa siku sita zilizobaki, Sh5,000 kila siku kwa mboga, nazi, viungo na samaki. Hii ya pili iwekwe kwenye bahasha au makopo sita, kila siku na lake. Bila mgawo huo wiki inakufa Alhamisi, na hapo ndipo baba anaposema "nilijua" na kurudi kwenye hela ya kuacha.

Wiki ya kwanza na ya pili hela inaweza kupungua. Asilaumiwe mtu haraka. Andikeni kilichopungua na kwa nini. Mara nyingi kuna gharama iliyokuwa inalipwa kimyakimya kutoka kwenye hela ya mboga: mchango wa shule, dawa ya mafua, nauli ya mtoto aliyechelewa, hisa ya kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Ikipungua wiki mbili mfululizo kwa sababu ile ile, kiasi ndicho kibaya, kibadilishwe. Familia ambayo haijazoea ianze na siku tatu tatu kabla ya kufika wiki.

Kununua kwa wingi nako kuna mipaka yake, na hapa wengi huharibu. Unga wa dona haukai kama sembe. Una mafuta ya kiini cha mahindi, na kwa joto la Dar huanza kuwa mchungu mapema, kwa hiyo usinunue wa miezi. Maharage yakikaa muda mrefu bila kukaushwa vizuri huingia wadudu. Nyanya za bei ya jumla zinahitaji kugawana na jirani siku ile ile, la sivyo nusu inaoza. Halafu kuna suala la kiroba kilichojaa: familia hupika zaidi inapokiona. Dawa yake ni kupima kwa kikombe kile kile kila siku. Na tofauti ya bei si kubwa kwa kila kitu. Kwa mchele na sembe huwa ndogo, na anayepanda daladala mbili hadi Tandale kufuata kilo tano anairudisha faida yote kwenye nauli. Nguvu iwekwe kwenye mafuta, mkaa, sukari na sabuni.

Kitu kimoja kisinunuliwe kwa mkupuo kabisa, nacho ni umeme, kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo. Kundi hilo uniti 75 za mwezi ni Sh100 kila moja, pamoja na kodi na tozo inafika Sh122, yaani Sh9,150 kwa uniti zote 75. Uniti inayofuata inaruka hadi Sh350 kabla ya kodi. Anayeweka umeme wa miezi miwili tarehe moja, akidhani anajipanga, analipa uniti za nyongeza kwa bei ya zaidi ya mara tatu. Nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa kwenye mita moja huvuka 75 bila mtu kujua, kisha wapangaji wanaanza kutuhumiana nani ana pasi na nani ana friji. Tena ile Sh1,500 ya kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji atunze ujumbe wa LUKU, yaani wa umeme wa kulipia kabla, na azikate fedha hizo anapolipa pango, baada ya kukubaliana kwa maandishi.

Kwa wenye kipato cha siku, yaani bodaboda, bajaji, wauza genge na mama ntilie, haiwezekani kutoa ya wiki kwa mara moja. Lakini inawezekana kukaa wiki moja mbele. Kila jioni, baada ya kutoa hesabu ya tajiri (fedha ya kila siku ya mwenye chombo), mafuta na akiba ya sevisi, sehemu ya chakula iingie kwenye kibubu na isiguswe hadi Jumapili. Itachukua wiki kadhaa kujenga hiyo wiki ya mbele, kwa kuongeza Sh1,500 au Sh2,000 kila siku. Ikishajengwa, siku ya mvua au ya pikipiki kukamatwa haigeuki kuwa siku ya njaa.

Mwenye genge au mgahawa ana hatari yake ya pekee: mtaji na sufuria ya nyumbani viko mfuko mmoja. Vitunguu viwili jioni, mafuta kidogo, sukari ya chai, na baada ya miezi mitatu biashara imekufa huku kila siku wateja walikuwepo. Ajilipe kiasi kimoja kila siku, kwa mfano Sh7,000, na kila kinachotoka gengeni kwenda nyumbani kiandikwe na kukatwa humo. Fedha ya kesho sokoni ihesabiwe kabla ya fedha ya kula.

Sasa pango, ambalo ndilo huangusha hata wenye mishahara. Wenye nyumba wengi wa Dar hudai miezi sita au mwaka. Chumba na sebule vya Sh80,000 kwa mwezi ni Sh480,000 kwa mkupuo. Gawanya kwa wiki 26 upate karibu Sh18,500 kwa wiki, na iwekwe kuanzia wiki ile ile mliyolipa, msisubiri mwezi wa tano. Isikae kwenye laini ya simu mnayotumia kila siku, hasa kama laini hiyo ina deni la mkopo wa fedha wa simu, kwa sababu kila fedha inayoingia hukatwa deni kwanza. Wala msiitegemee kikoba. Kikundi huvunja mzunguko kwa tarehe yake, mara nyingi Desemba, na katikati ya mzunguko fedha ziko mikononi mwa wakopaji. Kama pango lenu linaangukia Machi, hisa zenu hazitawasaidia. Akaunti ya benki isiyo na makato ya kila mwezi, au laini ya pili ambayo namba yake ya siri inajulikana na wote wawili, inafaa zaidi.

Pango likishindikana, ndipo kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, anapopiga hodi. Hesabu yake ifahamike. Unachukua Sh300,000, unarejesha Sh12,000 kila siku kwa siku 30, jumla Sh360,000. Unaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini kufikia siku ya 15 umesharudisha Sh180,000, maana yake hukukaa na laki tatu mwezi mzima. Kwa wastani ulikuwa na kama nusu yake. Riba halisi inakaribia asilimia 40 kwa mwezi, na ukikatwa Sh10,000 ya fomu mwanzoni inapita hapo. Kikundi kinachotoza asilimia 5 ya deni lililobaki, ukirejesha laki moja moja kwa miezi mitatu, kitachukua riba ya Sh15,000, kisha Sh10,000, kisha Sh5,000. Jumla Sh30,000, kwa muda mara tatu. Kabla ya kusaini, dai leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka. Mikopo ya kwenye simu nayo ichunguzwe: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali.

Mikopo hii huvunja nyumba kwa kuwa huchukuliwa kwa siri. Mama anakopa ili alipe hisa ya kikoba, baba anakopa kwa dhamana ya televisheni ambayo mama ameinunua. Hapa ndipo ninaposimama kwa nguvu zote: kila mmoja aonyeshe anachoingiza. Wanawake wengi wanakataa, na hofu yao ina msingi, kwa sababu mume akijua kuna Sh5,000 ya kuuza maandazi, siku ya pili haachi hela. Lakini kuonyesha si kukabidhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, na kifungu cha 63 kinamwekea mume wajibu wa kumtunza mke, hata kama mke ana chake. Mke mwenye uwezo huwajibika pale mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa maradhi au majeraha. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, kifungu cha 59. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ni vizuri kujua pia kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha za mradi alizopewa na mume. Kumbukumbu za matumizi zina uzito hadi huko.

Kumbukumbu zenyewe hazihitaji elimu kubwa. Daftari moja la mistari, safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Ujumbe wa miamala kwenye simu usifutwe hadi uandikwe. Jumapili jioni wote wawili wakae nusu saa, wasome kwa sauti, na daftari likae mahali ambapo kila mmoja analifikia. Kazi zigawanywe kwa uwezo: anayekwenda sokoni ashike hela ya chakula, asiyepapatikia kununua ashike ya pango, na mkopo wowote usainiwe na wote wawili.

Michango ya harusi iwe na kikomo cha mwaka, si cha kadi moja moja. Tuseme Sh200,000, ikiisha Agosti, kadi za Septemba zijibiwe kwa heshima kwamba mwaka huu mfuko umefungwa. Rambirambi zisiingizwe humo, zina fungu lake dogo. Januari nayo inajulikana tangu Februari: ada za shule za serikali zimeondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vipo pale pale. Kwa watoto watatu, Sh5,000 kila wiki kwa wiki 48 ni Sh240,000.

Mhariri, nina ombi kwako. Gazeti lako lichapishe kila Jumamosi bei za rejareja kwa kilo na kwa lita, kutoka Tandale, Mabibo, Buguruni, Temeke Stereo na samaki wa Feri, pamoja na uzito wa fungu na kopo vinavyouzwa mitaani wiki hiyo. Mwandishi mmoja mwenye mizani ya mkononi anatosha, na mama anayepanga Sh70,000 zake Jumapili atajua aanzie wapi.

Mkufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa,
Temeke, Dar es Salaam