Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kongamano Letu Libaki Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, kwa hiyo mimi nitajikita kwenye jambo moja. Mwaka huu kampuni moja iliomba kuchukua kongamano letu na kuliendesha kama lake. Kabla ya kuijibu, kamati ilipitia historia ya OSCON, kongamano lililovuma sana Marekani la programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha.

Lilianza San Jose mwaka 1997 kama mkutano wa watumiaji wa Perl, lugha ya kuandikia programu, likiandaliwa na wachapishaji wa vitabu, O'Reilly. Mwaka 1999, mjini Monterey, milango ikafunguliwa kwa programu huria za kila aina.

Julai 2000 wakongwe wa Perl walikaa hapo Monterey wakijadili taratibu ndogo ndogo. Jon Orwant, aliyeona lugha yao inadorora, akaanza kuvurumisha vikombe vya kahawa ukutani, kimoja baada ya kingine, akitaka kifanyike kitu cha kuwaamsha watu. Kesho yake Larry Wall, muundaji wa Perl, akatangaza Perl 6, toleo jipya la lugha hiyo. Jambo kama hilo halitokei kwa barua pepe. Baadaye, kwenye OSCON ya Portland, ndiko ilikotangazwa OpenStack, programu ya kuendesha huduma za wingu, mwaka 2010, na Kubernetes 1.0, ya kusimamia programu kwenye seva nyingi, mwaka 2015.

Machi 2020 korona ikafunga kumbi. O'Reilly ikafuta idara yake yote ya makongamano, na OSCON ikaishia hapo. Watoa mada na wahudhuriaji wa miaka ishirini hawakuwa na kura. Siilaumu kampuni, mali ilikuwa yake. Ila FOSDEM, kongamano la programu huria la Brussels, inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 2001, chuoni, bila kiingilio wala kujiandikisha, ilipata pigo lile lile. Mwaka 2021 na 2022 ikafanyika mtandaoni, 2023 ikarudi chuoni.

Hivyo kamati imeikatalia kampuni ile kwa heshima, na kuikaribisha iwe mdhamini kama wengine. Tunaomba mkutano huu upitishe mambo mawili: jina la kongamano lisajiliwe kuwa mali ya chama, na mdhamini mmoja asichangie zaidi ya robo ya bajeti. Ukumbi wa mwakani bado tunautafuta. Mwenye mwenyeji katika chuo chochote amwone katibu leo, kabla hatujatawanyika.