Hati iliyo kwenye kopo la biskuti

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Bagamoyo hatujambo, mgongo tu ndio unaonisumbua, na mvua ya juzi imeangusha ule mpapai wa uani. Ujumbe wako nimeusoma. Sikukupigia, maana mambo haya nikiyasema kwa mdomo sauti hunikauka na wewe utadhani nalia. Silii. Nimemsomea baba yako, kasema andika.

Unasema wakwe zako wa Tanga wamemtuma mshenga aulize ukoo. Upande wa baba yako wameridhika, Wakwere wa Msata wanajulikana. Wanataka upande wangu, na mjomba wako amekufundisha ujibu kwamba sisi ni Washirazi wa Kaole, waungwana wanaojihesabu wa asili ya Uajemi. Mjomba wako ni kaka yangu na nampenda, lakini Ushirazi huo ameuokota kwenye magofu ya huko Kaole. Marehemu bibi yako hakuutaja hata siku moja.

Sisi ni wazalia. Neno hilo hujalisikia humu ndani, na aliyelizuia ni mimi. Mzalia ni mtu aliyezaliwa huku pwani kwa mama mtumwa. Bibi yake bibi yako alizaliwa hapa mjini, nyumbani kwa bwana. Aliyetembezwa kutoka bara kwa njia ya Tabora ni mama yake, naye alikuwa mtoto. Jina alilopewa na wazazi wake liliishia huko huko njiani.

Shuleni mlifundishwa kuwa biashara ile ilikwisha mwaka 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la Unguja. Soko lilifungwa kweli, na kuwavusha watu baharini kukapigwa marufuku. Lakini aliyekwisha kununuliwa alibaki wa bwana wake. Wajerumani nao walipoishika nchi hawakuufuta utumwa. Mwishoni waliandika tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Sasa hesabu na mimi. Bibi yake bibi yako alizaa wawili. Wa kwanza, mwanamume, alizaliwa mama akiwa bado mtumwa. Wa pili, mama yake bibi yako, alizaliwa 1908, mama ameshajikomboa. Tumbo moja, titi moja, mmoja mtumwa na mmoja huru. Yule kaka alihesabiwa mtu wa nyumba ile mpaka Waingereza walipofuta utumwa Tanganyika mwaka 1922.

Hati ya uhuru ya mama yao ninayo. Imo kwenye kopo la biskuti, chini ya kanga za marehemu. Karatasi imegeuka rangi ya chai, mikunjo inaanza kuachana, na ukiifungua inabidi ubane pumzi. Maandishi ya Kijerumani, muhuri umefifia, jina limeandikwa kwa mkono. Jina moja tu, halina binti fulani. Siliandiki hapa, utakuja kulisoma mwenyewe. Yule mwalimu wa historia aliyepanga chumba cha mbele aliniambia Wajerumani walitoa hati kama hizi zaidi ya 50,000. Nikamwuliza, sasa wenyewe wako wapi, mbona mji mzima ni Washirazi watupu? Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Hati hiyo aliinunua. Sheria ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa siku mbili kwa wiki za kufanya kazi zake, na haki ya kujikomboa akipata fedha. Siku zake mbili alisuka ukili na kuchoma vitumbua, anaweka rupia moja moja. Hilo haliniumi sana, kazi ni kazi. Kinachonichoma ni mahari yake. Alipoozwa, aliyemwoza ni bwana, na mahari akachukua bwana, kwa kuwa mahari ya kijakazi ilikuwa ya mwenye kijakazi. Ndiyo maana nimekuuliza mara tatu umetaja mahari gani, ukaona mama ana tamaa.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akifoka ukitoka pekupeku, hata kwenda dukani tu? Zamani mtumwa hakuvaa viatu mbele ya waungwana, wala kofia, na vazi la mwanamke mtumwa lilikuwa kaniki, kile kitambaa cheusi. Bibi yako alizaliwa 1935, hakuwa mtumwa wa mtu, wala mama yake hakuwa. Lakini kaniki haikuingia nyumba hii, hata ya kufungia mzigo. Kandambili zangu zikikatika alizishona kwa waya, niende nazo hivyo hivyo shuleni zikinikwaruza.

Mimi nami yamenifika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kuna harusi kwenye nyumba ile ya bwana. Siitaji, wajukuu zao hawana kosa na mmoja ni shoga yako. Sisi hatukualikwa, tuliitwa tu, alfajiri. Wanawake wa kwetu wote walikuwa uani, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi, kidole kimechanika na chicha inawasha kwenye kidonda. Nikapita ukumbini na beseni. Mgeni mmoja akauliza, huyu binti wa nani? Mwenye nyumba akajibu huku anacheka, "Huyo wetu huyo." Nikafurahi, mwanangu! Nilirudi mbio kumwambia mama kuwa wamesema mimi ni wao. Mama alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. Usiku ule ndipo nilipooneshwa kopo, na harusi za nyumba ile hatukwenda tena.

Vijana wanaotembeza watalii husema jina la mji huu ni kilio cha watumwa, bwaga moyo. Wengine husema ni wapagazi wa Kinyamwezi, watu wa ujira, waliotua pembe za ndovu hapa wakapumzika. Watalii hupenda ile ya kwanza, wanapiga picha, wanapanda basi. Waliokombolewa na mapadri waliofika 1868 walijengewa kijiji, na makumbusho yapo. Sisi wa mitaani tulijificha ndani ya koo za watu, na tumejificha vizuri mno.

Basi mwambie mshenga hayo niliyoyaandika. Wakirudisha posa, warudishe mapema, kitambaa sijakata. Mjomba wako atanuna wiki moja, halafu atakuja kuulizia pilau. Na mahari yako ikiletwa ishike kwa mkono wako, asije mtu akasema akutunzie, hata mimi.

Njoo Ijumaa tulifungue hilo kopo pamoja. Viatu vya harusi usininunulie vyenye kisigino, miguu inaniuma. Niletee makubazi, yawe mapya.

Mama yako